Mabaka ya kuwasha miezi minane, na vipimo havioni kitu

Msomaji wa Likoni ameniandikia hivi:

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, watoto wawili, kazi yangu ni kushona nguo Mji wa Kale. Tangu Kaskazi iliyopita, miezi minane sasa, natokwa na mabaka yaliyovimba mwili mzima, yananiwasha mpaka silali. Asubuhi hayapo, jioni yanatokea mahali pengine. Mara mbili mdomo umefura. Nimepimwa damu, choo na mkojo, naambiwa niko sawa. Nimeacha samaki, kamba, mayai, nyanya, njugu na maziwa, sioni nafuu. Nikinunua Piriton nalala tu. Kuna sindano nachomwa duka la dawa, inanipa siku tatu nne za raha, kisha mabaka yanarudi kwa hasira. Mavyaa anasema ni kijicho. Ni nini kinachonidhuru, na nitapona? Tena tunatafuta mtoto wa tatu, naogopa dawa."

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Kujikuna usiku kucha kisha uamke na ngozi safi ni mateso ya peke yake, kwa sababu hata wa nyumbani huanza kudhani unadeka.

Nianze na jina, maana naona umezunguka kote huko bila mtu kukupa jina. Mabaka yanayovimba, yanayowasha, yanayohama na kupotea bila kuacha alama tunayaita urtikaria. Yakikoma kabla ya wiki 6 ni ya kupita. Yakivuka wiki 6 yameshakuwa sugu. Na yakiwa yanatoka bila kitu maalumu kinachoyaamsha kila mara, tunasema yanajizukia yenyewe. Kufura mdomo ni ugonjwa uleule uliotokea tabaka la ndani zaidi la ngozi. Daktari Mjerumani, Heinrich Quincke, alishaueleza uvimbe huo mwaka 1882. Kwa hiyo ulicho nacho, kwa uwezekano mkubwa, ni urtikaria sugu inayojizukia. Ugonjwa huu unajulikana vizuri na una matibabu yenye hatua zake. Vipimo vyako kuwa safi ni jambo la kutarajiwa, kwa sababu huu ni ugonjwa unaotambuliwa kwa masimulizi ya mgonjwa na kwa macho ya daktari kuliko kwa maabara.

Hata hivyo mimi nimesoma barua tu, sijaona ngozi. Basi fanya jambo moja leo jioni. Baka likitoka, chukua biro, lizungushie mstari, uandike saa pembeni. Kesho saa kama hiyo litazame. Kama limepotea au limehama na ngozi ndani ya mstari ni safi, tuko njia moja. Kama bado liko palepale, linachoma au kuuma kuliko kuwasha, na likiondoka linaacha doa kama umepigwa, hilo ni jambo jingine: huenda mishipa midogo ya damu imepata uvimbe, na daktari atataka kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Uvimbe wa mdomo usiupime kwa kipimo hiki, kwa sababu unaweza kuchukua hadi siku 3 na bado ukawa ndani ya ugonjwa wa kawaida.

Piga na picha. Wagonjwa wengi wa mabaka hufika kliniki saa nne asubuhi na ngozi nyororo, daktari akabaki kuandika "mzio" na kuwapa krimu. Tena kwenye ngozi zetu nyeusi ule wekundu unaotajwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Baka huwa na rangi ileile ya mwili, au limekoza kidogo, ila limeinuka. Ukipiga picha kwa mwanga wa simu uliokabili ngozi moja kwa moja, mwinuko wote unapotea. Weka taa ubavuni ili kivuli kitoke.

Sasa swali lako la kwanza, nini kinachokudhuru.

Chini ya ngozi, kando ya mishipa ya damu na ya fahamu, kuna seli zinazoitwa seli za masti. Paul Ehrlich alizieleza katika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1878. Zimejaa vijifuko vya kemikali, na mashuhuri kati ya kemikali hizo ni histamini. Seli hizi zikichokozwa humwaga vijifuko vyao. Mishipa midogo ya damu huvuja maji, ngozi ikainuka, na mishipa ya fahamu ikapeleka habari ya mwasho kwenye ubongo. Kwa mtu mwenye mzio wa kamba, mchokozi ametoka nje, ameingia na chakula. Kwa wagonjwa kama wewe mchokozi mara nyingi ni wa ndani: kingamwili, zile askari za mwili, hukosea shabaha na kuzigusa seli za masti zisizo na hatia. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume, hasa kati ya miaka 20 na 40, na ndiyo maana huandamana mara kwa mara na maradhi ya tezi ya shingo ambayo nayo hutokana na kinga kujishambulia.

Kwa maneno mengine, jungu lako halina hatia.

Najua hilo ni gumu kulikubali, hasa kwa mtu wa Pwani aliyejinyima samaki miezi minane. Lakini tupige hesabu ya saa. Mzio wa kweli wa chakula hujitokeza upesi, dakika chache hadi kama saa 2 baada ya kula, na hurudi kila ulapo kitu hicho. Aliye na mzio wa kamba hulijua hilo mara ya pili, bila upelelezi. Mabaka ya Jumapili usiku hayawezi kuletwa na mayai ya Ijumaa. Na ushahidi mkubwa umeutoa mwenyewe: uliondoa vyakula sita, mabaka hayakutikisika. Katika urtikaria sugu ya mtu mzima, chakula ni sababu kwa nadra sana.

Rudisha vyakula vyako, kimoja baada ya kingine, kila kimoja ukipe siku mbili tatu. Baka likitoka jioni ya siku uliyokula changu wa kupaka, usimhukumu changu. Lingetoka hata ungelala na njaa. Kisichorudishwa ni kile tu kilichowahi kukufunga koo, kukutapisha au kukuvimbisha muda mfupi baada ya kukila, kama kipo. Hicho kingoje daktari. Vingine vyote unavihitaji, tena kwa mwanamke anayetafuta mimba, kuacha kwa pamoja samaki, mayai, maziwa na njugu ni kujipokonya protini, madini ya chuma na kalsiamu kwa wakati mbaya kabisa.

Na usishawishike kununua vile vipimo vya aleji vyenye orodha ndefu ya vyakula na vumbi. Kwa ugonjwa wako ni pesa za bure, na ubaya wake si pesa peke yake. Karatasi hurudi na alama dhaifu kwenye vitu vitano sita, alama ambazo mara nyingi zinamaanisha tu kwamba mwili wako umewahi kukutana na vitu hivyo, na mgonjwa akaongeza marufuku mpya juu ya zile za zamani. Nimeona watu waliobakiwa na ugali na sukuma kwa ajili ya karatasi moja.

Niweke hapa jambo moja la samaki, kwa kuwa kwetu huchanganywa sana na mzio. Jodari, nguru, vibua na samaki wa jamii hiyo wakikaa nje ya barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Histamini hiyo haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mlaji huwaka uso, kichwa kikamgonga na mabaka yakamtoka ndani ya saa moja hivi, na mara nyingi huwa si peke yake, wenzake wa sinia moja nao wanajikuna. Hiyo ni sumu ya samaki aliyehifadhiwa vibaya, huisha ndani ya siku moja kwa kawaida, na haiwezi kueleza miezi minane. Wapo walioacha jodari maisha yao yote kwa sababu ya kipande kimoja kilichokaa nje ya barafu.

Lakini kuna vitu ambavyo haviuanzishi ugonjwa ila huukoleza, na hapa nataka nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Unashona kutwa umeinama. Mgongo ukiuma, unameza kidonge gani? Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huchochea mabaka na kufura midomo kwa wagonjwa wa urtikaria, tena si wachache. Brufen ya kiuno, vidonge vya kichwa vya kiosk (soma nyuma ya paketi, vingi vina aspirini ndani), sindano ya diklofenaki ya bega: viache vyote kwa sasa, tumia parasetamoli. Nimekuwa nikiliuliza swali hili mapema kwa kila mgonjwa, kwa sababu watu hawazihesabu dawa za maumivu kuwa dawa. Na kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anatumia dawa ya presha ya jamii ya enalaprili au lisinoprili, ajue kwamba dawa hizo zaweza kufurisha midomo na ulimi bila baka hata moja. Midomo ikifura hivyo ni ya kumwona daktari siku hiyohiyo; ulimi ukifura ni dharura, nami nitaieleza chini.

Kikolezo cha pili ni joto, na Mombasa hatuna pa kulikimbilia. Umesema yalianza Kaskazi. Feri imejaa, umesimama juani umebanwa na watu, kisha unapanda mwinuko wa kivuko na mkoba begani. Damu ikipata moto, seli za masti zilizokwisha kuchokozeka hazihitaji sababu nyingine. Angalia kama una aina mbili kwa wakati mmoja, maana hutokea. Kama ukitoka jasho unapata vidutu vidogo kama kichwa cha pini, vinawasha mno, kisha vinaondoka ndani ya saa moja hivi, hiyo ni urtikaria ya joto na jasho. Harara si hivyo: harara hukaa siku kadhaa, tena hupenda shingoni, mgongoni na penye mikunjo. Kama mabaka hufuata mstari wa ukanda, lastiki au mkanda wa mkoba, ni mgandamizo. Ukipitisha mpini wa kijiko mkononi kwa nguvu kiasi na baada ya dakika 10 mstari ukainuka kama kamba, ngozi yako ni ile inayoandikika, na kila ukijikuna unajiongezea.

Kwa hiyo oga maji ya baridi, usijisugue kwa dodoki. Ndani ya buibui vaa pamba nyepesi isiyobana. Kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikalazwa penye mwasho, hupoza vizuri kuliko kucha. Liwa safi isiyotiwa manukato haina neno. Kujifukiza acha kabisa, kwa kuwa mvuke wa moto huyaita mabaka. Mawazo na usingizi uliokatika nayo huukoleza ugonjwa, ila usikubali mtu akuambie kwamba "ni mawazo tu".

Kabla hatujafika kwenye dawa, jikague kwa upele. Kama mume na watoto nao wanajikuna, kama kuna vidutu kati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni au chini ya matiti, na havipotei asubuhi, huo ni upele na tiba yake ni nyingine, ya nyumba nzima kwa siku moja. Malengelenge yaliyofuata maua ya piko siku mbili baada ya harusi pia si urtikaria. Na mwasho wa mwili mzima usio na baka lolote unahitaji kupimwa ini, figo, tezi na upungufu wa damu.

Kuhusu vipimo, vinavyostahili ni vichache: hesabu kamili ya damu, kipimo cha uvimbe mwilini, na tezi ya shingo. Daktari wa ngozi anaweza kuongeza kipimo cha IgE, aina moja ya kingamwili. Ukikuta kwenye karatasi yako ya zamani kwamba chembe zinazoitwa eosinofili zimepanda, mwambie daktari, kwa kuwa Pwani tuna minyoo, na wapo wanaoleta mabaka. Mmoja wao, strongiloidesi, anaweza kukaa mwilini miaka mingi na kipimo kimoja cha choo kikamkosa. Mkumbuke mnyoo huyo, nitamrudia nikifika kwenye sindano.

Sasa dawa. Kidonge kwa ujumla si kigeni kwako, umeshameza. Tatizo ni aina yake na namna ya kukitumia.

Piriton ni dawa ya kizamani ya kuzuia histamini. Hufanya kazi saa 4 hadi 6, huingia kwenye ubongo, ikakulaza na kukuachia kichwa kizito asubuhi, nawe unashika mkasi na cherehani. Usingizi wake si usingizi mzuri. Siku hizi tunaanza na ndugu zake wapya, dawa za kizazi cha pili: setirizini miligramu 10, au loratadini miligramu 10, au feksofenadini miligramu 180. Zinapatikana katika maduka ya dawa ya kawaida. Chagua moja, kimoja kwa siku, saa ileile, kila siku, baka liwepo lisiwepo.

Hapo pa "kila siku" ndipo wengi wanapopotea, hivyo nitapakazia. Mtu humeza kidonge mwasho ukianza, ukipoa anaacha, ukirudi anameza tena, kisha anasema dawa haifanyi kazi. Histamini haikuwashi mpaka ipate mahali pa kukaa kwenye mishipa ya damu na ya fahamu. Dawa hii ni abiria aliyewahi kiti cha matatu: akishakaa, ajaye nyuma hana pa kukaa. Ukimeza baada ya baka kutoka, viti vimekwisha kujaa, na kilichobaki ni kungoja baka lishuke lenyewe. Ukimeza kila siku, histamini inamwagwa lakini haipati kiti.

Setirizini huwalegeza wengine kidogo. Ikikufanya hivyo, imeze usiku au uhamie kwenye nyingine. Feksofenadini imeze kwa maji matupu. Maji ya machungwa, ya balungi na ya matofaa huizuia isiingie mwilini vizuri, nasi hapa kila mlo una gilasi ya juisi. Dawa za kiungulia zenye alumini na magnesi nazo zitenganishe nayo kwa saa kadhaa. Ukifunga Ramadhani, kidonge kimoja baada ya futari kinakutosha mpaka kesho yake.

Jipe wiki 2 hadi 4. Katika muda huo weka daftari dogo, kama lile la vipimo vya wateja wako. Kila usiku andika alama mbili. Mabaka: 0 kama hakuna, 1 kama hayafiki 20, 2 kama ni 20 hadi 50, 3 kama yamezidi 50 au yameungana makubwa. Mwasho: 0 hadi 3 vilevile, 3 ukiwa ni ule unaokunyima usingizi. Jumlisha ya siku 7. Jumla ya juu kabisa ni 42. Kuanzia 28 ugonjwa ni mkali. 6 kushuka chini umedhibitiwa vizuri. Hiki ndicho kipimo ambacho madaktari wa ngozi wanakitumia duniani kote, na ukimwekea daktari daftari hilo mezani mtazungumza lugha moja.

Kama baada ya muda huo jumla haijashuka vya kutosha, usikate tamaa wala usichanganye dawa tatu. Miongozo ya kimataifa inamruhusu daktari kuongeza dawa ileile, hatua kwa hatua, hadi mara 4 ya kipimo cha kawaida. Ukisikia hivyo usishtuke, na pia usijipandishie mwenyewe: lazima ajue kwanza kama figo zako ni nzima, kama una mimba, na unameza nini kingine. Wapo wengi ambao kidonge kimoja hakikuwatosha na viwili au vinne vikawatosha, na walikuwa wameshaambiwa kwamba ugonjwa wao hauna dawa.

Wasiotulia hata kwa hapo wana hatua nyingine. Kuna omalizumabu, sindano ya chini ya ngozi ya miligramu 300 kila wiki 4, inayonasa IgE kwenye damu; Marekani iliidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2014. Huwasaidia wengi waliokwama, lakini bei yake ni kali na hutolewa na mtaalamu. Kuna siklosporini, inayotuliza kinga, ambayo mtumiaji wake hupimwa presha na figo mara kwa mara. Ukifika huko omba rufaa ya daktari wa ngozi, iwe Hospitali Kuu ya Pwani au kwingine. Bado hujafika, kwa sababu hata hatua ya kwanza hujaifuata ipasavyo.

Sasa ile sindano. Hukuniambia ni ya nini na nadhani nawe hukuambiwa. Sindano inayofuta mabaka kwa siku tatu nne kisha yakarudi kwa kishindo karibu kila mara ni steroidi, deksamethasoni au ndugu zake, dawa zinazoiga homoni ya mwili inayotuliza uvimbe. Steroidi ina mahali pake: daktari anaweza kuitoa kwa siku chache, zisizozidi 10, mabaka yakichacha kupita kiasi. Lakini kuchomwa kila yanaporudi, miezi minane, ni kupandisha presha na sukari, kudhoofisha mifupa, kufurisha uso na kuzilaza tezi zinazotengeneza homoni hiyo mwilini. Na kama yule mnyoo niliyemtaja yumo, steroidi humpa nafasi ya kuzaliana na kusambaa hadi mapafuni, jambo linaloweza kuua. Mwambie daktari umechomwa mara ngapi na lini ya mwisho. Kama zilikuwa za karibukaribu, au ulipewa na vidonge, usikatize ghafla bila yeye kujua.

Krimu ya mchanganyiko, ile yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali ndani ya tyubu moja, haina kazi hapa. Mabaka yanatoka ndani, na krimu ya juu itakuachia ngozi nyembamba yenye madoa meupe. Losheni ya kalamini au ya mentholi kwa kupoza inatosha.

Kuhusu mavyaa, sitaki ugombane naye kwa ajili yangu. Kama roho yako inatulia kwa kusomewa, somewa, na kidonge umeze. Kimoja hakimzuii mwenzake. Nitakachokuomba ni mambo mawili. Usinywe mitishamba ambayo mwenye kuitoa hataki kukutajia, hasa wewe unayetafuta mimba. Na usiache dawa kwa kuwa umeambiwa kidonge kinamkasirisha aliye ndani. Mweleze pia, yeye na mume wako, kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Lala kitanda kimoja na mumeo, ogesha watoto, pika.

Kuna hali ambazo hazingoji. Ulimi au koo likifura, sauti ikikwama, pumzi ikikoroma, ukizimia au kutapika ghafla pamoja na mabaka, hiyo ni dharura ya dakika, na dawa yake ni adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja. Kimbilia kituo cha afya kilicho karibu upande wako wa Likoni. Usisubiri feri kuvuka kisiwani ukitafuta hospitali kubwa. Katika ugonjwa wako kufikia huko ni nadra, hata kwa waliofura midomo, lakini nyumba nzima ijue.

Umeuliza utapona? Kwa wengi ugonjwa huu huisha wenyewe, kwa kawaida kati ya mwaka 1 na 5. Wengine huondokewa mapema, wachache huchukua zaidi. Dawa hizi haziufupishi muda huo. Kazi yake ni kukupa usingizi na ngozi tulivu mpaka kinga ichoke yenyewe na uchokozi wake, na ukifika miezi 3 hivi bila baka wala mwasho, daktari hupunguza kidonge taratibu kuangalia kama ugonjwa bado upo. Yakirudi, mnarudisha kipimo mlichokuwa nacho na kujaribu tena baadaye.

Na mtoto wa tatu: msisubiri mabaka yaishe. Loratadini na setirizini zimetumiwa na wajawazito wengi kwa miaka mingi na ndizo tunazozichagua kwa wajawazito na wanaonyonyesha, kwa kipimo kidogo kinachotosha. Kupandisha kipimo ukiwa na mimba ni uamuzi wa daktari anayekuangalia. Anza asidi ya foliki sasa, mikrogramu 400 kwa siku, kabla mimba haijashika. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo nimeshakukataza kwa ajili ya mabaka, ndizo zinazokatazwa pia mimba ikifika wiki 20. Mabaka ukiwa mjamzito yaweza kupungua, kuzidi au kubaki vilevile, na hatuna njia ya kutabiri. Siku ya kwanza ya kliniki ya wajawazito nenda na daftari lako na paketi ya dawa unayoitumia, umwonyeshe muuguzi kabla hajakuandikia chochote.